Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kubadilisha Kompyuta na Vidhibiti vya Mitambo katika Viwanda vya Ndege

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa umeme na mekanika, vijana wa TEHAMA wanaopelekwa kiwandani kwa mara ya kwanza, na mafundi wenyewe. Yamepewa namba ili jibu moja likigusa jingine tuelekezane badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Mnazungumzia kompyuta zilizomo ndani ya ndege?

Hapana. Za chumba cha rubani zina habari zake. Hapa ni kompyuta za kiwandani: zinazoongoza mashine za kuchonga boriti za bawa, kutoboa matundu ya riveti, kutandaza nyuzi za kaboni na kuzipika kwenye tanuri la shinikizo. Wala si karakana za matengenezo kama zile za viwanja vya ndege vya Dar es Salaam au Nairobi. Huko ndege inafunguliwa na kufungwa. Hapa inazaliwa.

2. CNC na PLC zinatofautianaje?

CNC ni kidhibiti cha kompyuta kinachoongoza mwendo wa kifaa cha kukatia. Inasoma maagizo mstari kwa mstari, mfano:

`G01 X125.400 Y-60.000 F800`

Maana yake: nenda kwa mstari ulionyooka hadi milimita 125.4 kwenye mhimili wa X, na milimita 60 upande wa hasi wa Y, kwa mwendo wa milimita 800 kwa dakika. Kipande kimoja cha bawa kinaweza kuhitaji maelfu kwa maelfu ya mistari ya namna hiyo, na nukta ikikosewa mahali, alumini ya bei kubwa inageuka chuma chakavu.

PLC nayo ni kidhibiti, lakini haichongi. Kazi yake ni kuamua nini kiwake na nini kizime: pampu ya mafuta, mlango wa usalama, taa nyekundu, kibano cha kushikia kipande. Inasoma sensa, inapitia mantiki yake, inatoa amri, kisha inaanza upya, na mzunguko mzima huchukua milisekunde chache. Ilibuniwa 1968 na Dick Morley na wenzake huko Marekani, wakati General Motors walipochoka kufumua nyaya za relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) kila modeli ya gari ilipobadilika. Mashine kubwa ya kiwanda cha ndege huwa na vyote viwili, na mara nyingi kinachokufa kwanza si kile ulichokuwa unakihofia.

3. Kwa nini CNC inahusishwa sana na ndege?

Kwa sababu ilizaliwa humo. John Parsons wa Traverse City, Michigan, alikuwa anatengeneza mapanga ya helikopta, na umbo la panga halichongeki vizuri kwa jicho na mkono. Mwaka 1949 jeshi la anga la Marekani likampa mkataba, kazi ikafika chuo cha MIT, na 1952 wakaonyesha mashine ya mihimili mitatu ikifuata matundu ya tepu ya karatasi. Kabati la udhibiti lilijaa valvu kama za redio za wazee wetu.

4. Viwanda vya teknolojia kubwa namna hii vinakuwaje na kompyuta za enzi za flopi?

Hapa ndipo penye kiini cha ukurasa mzima, kwa hiyo vumilia kidogo.

Kiwanda cha ndege kina vitu vitatu visivyozeeka kwa kasi moja. Cha kwanza ni chuma. Kitanda cha mashine kubwa ya kuchonga, kilichomiminwa kwa chuma kizito na kufungwa kwenye zege, hudumu miaka 40 au 50 bila taabu. Cha pili ni kompyuta inayokiongoza, ambayo baada ya miaka 10 au 15 hupati tena kadi yake dukani. Cha tatu ni ndege yenyewe, na hiyo ndiyo inayotushinda: ndege ya mizigo ya kijeshi C-130 iliruka mara ya kwanza 1954 na Boeing 737 mwaka 1967, na zote mbili, kwa matoleo yaliyoboreshwa, zinatengenezwa hadi leo. Kiwanda cha simu kinaweza kutupa kila kitu kila baada ya miaka mitano kwa sababu simu nayo imetupwa. Mtengeneza bawa hawezi.

Ongeza jambo moja: sehemu ya ndege haikubaliwi kwa umbo lake tu. Inakubaliwa pamoja na njia iliyotumika kuitengeneza. Ukibadilisha kompyuta umegusa njia, na ukigusa njia unadaiwa ushahidi (swali la 9). Meneja akipima gharama ya ushahidi dhidi ya mashine inayotoa vipande vizuri kila siku, anasema tusubiri mwaka ujao. Mwaka ujao huo umeshafika mara 20.

## Kabla hujagusa kitu

5. Tumepewa kazi ya kuboresha kiwanda kizima. Tuanzie wapi?

Msianze na muuzaji. Anzeni na daftari na tochi, mzunguke mkifungua kabati moja moja: kidhibiti gani, toleo gani la programu, kadi gani, nani ana bakapu (nakala ya akiba), na imehifadhiwa wapi. Orodha ya mali iliyoko ofisini haitawasaidia. Itasema "mashine ya kuchonga, moja", wakati ndani yake mna kompyuta nne za umri tofauti.

Kisha, kabla ya jambo lolote, chukueni bakapu ya kila kidhibiti. Nitaeleza kwa nini kwa kisa nilichokishuhudia, kiwanda sitakitaja. Vidhibiti vingi vya zamani huhifadhi paramita zake (namba za mipangilio ya mashine) kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri. Betri hiyo hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Ukizima kwanza, kila kitu kinafutika. Kiwanda kilifungwa wiki mbili za sikukuu, umeme mkuu ukazimwa ili kubana matumizi, na betri zilikuwa zimeshachoka bila mtu kujua. Tuliporudi Januari skrini iliwaka vizuri kabisa, ila mashine haikujua ina mihimili mingapi.

Kilichotuokoa ni karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati na fundi aliyestaafu zamani. Namba zaidi ya mia tatu, kwa mkono, zimefifia kwa mvuke wa mafuta, na tatu na nane zinafanana kama mapacha. Kulikuwa na jedwali la kusahihisha makosa ya skrubu ya mwendo, sentimita kwa sentimita, namba ambazo ni za mashine ile peke yake na hazimo kwenye kitabu chochote cha mtengenezaji. Tulimaliza siku sita. Bakapu ingechukua dakika 20.

6. Tununue mashine mpya au tubadilishe kidhibiti tu?

Inategemea hali ya chuma. Kama kitanda ni kizima na reli za mwendo hazijalika, kubadilisha kidhibiti, mota, vifaa vya kuendeshea mota, vipimio vya mwendo na nyaya zote kunaweza kuirudisha mashine kazini kwa gharama ndogo kuliko mpya. Faida nyingine haionekani kwenye hesabu: huvunji msingi wa zege, wala hungoji mashine mpya ije kwa meli.

Lakini pimeni kwanza kwa leza. Kidhibiti kipya hakinyooshi reli iliyochakaa. Kitakuonyesha tu kwa usahihi zaidi jinsi ilivyopinda. Na msiache nyaya za zamani "kwa sababu bado zinafanya kazi". Nusu ya hitilafu za ajabu nilizofukuza baada ya ukarabati wa namna hii zilikuwa waya wa zamani uliokatika ndani ya ganda lake, unaogusa na kuachia kila mashine inapotikisika.

7. Kompyuta ya mashine inatumia Windows XP. Tukiweka Windows mpya si yaishe?

Ingekuwa rahisi hivyo XP isingekuwepo tena. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na hata Windows 10 muda wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hii ni safari isiyo na kituo cha mwisho. Tatizo ni kwamba programu ya mashine huongea na kadi maalumu iliyochomekwa ndani ya kompyuta, na kadi hiyo haina draiva (programu ya kuiunganisha na kompyuta) ya Windows mpya. Wakati mwingine hata tundu la kuichomeka halipo kwenye kompyuta za leo.

Njia zilizopo ni tatu. Kwanza, kuihamishia XP kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigizwa kwa programu) ndani ya kompyuta mpya. Hii inafaa kwa kompyuta za kupangia kazi na kuhifadhi programu, lakini haifai pale panapohitajika mwendo wa papo kwa papo. Pili, kuiacha ilipo na kuizungushia ulinzi (swali la 13). Tatu, kubadilisha kidhibiti kizima kama ilivyoelezwa swali la 6. Binafsi naiheshimu ile ya pili kuliko watu wengi wa TEHAMA wanavyoiheshimu.

8. Je, bado kuna mashine zinazotumia tepu au flopi?

Zipo. Zamani tepu ilipokwisha enzi zake, watu walichomeka kompyuta nyuma ya kisomeo cha tepu na kukidanganya kidhibiti kuwa bado kinasoma karatasi. Leo hali ni ileile kwa flopi: kuna kifaa kinachokaa mahali pa flopi, unachomeka flashi, na kidhibiti hakijui tofauti. Ni suluhisho la heshima kwa mashine iliyobakiza miaka michache. Kwa mashine itakayotumika miaka 15 mingine, ni kuahirisha tu.

## Ubora na ushahidi

9. Programu ni ileile na mashine ni ileile. Kwa nini mkaguzi anataka kipande cha kwanza kipimwe upya?

Kwa sababu si ileile. Kiwango cha AS9102, kinachotumika katika sekta ya anga duniani, kinataja waziwazi kuwa mabadiliko ya programu ya mashine, au kuihamishia kwenye chombo kingine, yakiweza kuathiri umbo, mkao au kazi ya kipande, yanahitaji ukaguzi wa kipande cha kwanza. Unaweza kuwa wa sehemu tu ya vipimo na si vyote, lakini lazima ufanywe na kuandikwa.

Hili si urasimu mtupu. Vidhibiti viwili vinaweza kusoma mstari uleule wa programu na kupita kona kwa njia tofauti: kimoja kinapunguza mwendo mapema, kingine kinakata kona kwa sehemu ndogo ya milimita ili kisisimame. Kwa bawaba ya mlango wa nyumba haina maana. Kwa kona ya ndani ya ubavu wa bawa, ambako ufa wa uchovu hupenda kuanzia, ina maana sana.

Ushauri wa bei nafuu: kabla ya kuzima kidhibiti cha zamani, chongeni nacho kipande cha mwisho, mkipime chote na kukihifadhi. Siku kipya kitakapoleta ubishi mtakuwa na cha kulinganishia.

10. Rekodi zitunzwe kwa muda gani, na kwa mfumo gani?

Kanuni za Marekani zinamtaka mwenye cheti cha uzalishaji atunze rekodi za ubora angalau miaka 5, na angalau 10 kwa sehemu nyeti. Hicho ni kima cha chini. Mikataba ya wateja mara nyingi hudai zaidi, na ndege huruka muda mrefu kuliko yote hayo. Swali gumu ni la mfumo. Faili la mchoro la leo litafunguliwa na programu gani miaka 30 ijayo? Ndiyo maana viwanda huhifadhi nakala katika muundo wa wazi kama STEP, wa viwango vya ISO, sambamba na faili la programu waliyonunua.

11. Ni kweli ndege ya Airbus A380 ilichelewa kwa sababu ya tofauti ya programu?

Ilikuwa sababu kubwa. Wahandisi wa Airbus walioko Hamburg, Ujerumani, walitumia toleo la 4 la programu ya uchoraji CATIA, wa Toulouse, Ufaransa, toleo la 5, na mabadiliko hayakusafiri vizuri kati yao. Ndege moja ina nyaya za takribani kilomita 530. Vifurushi vya nyaya vilipoletwa kufungwa ndani ya kiwiliwili, vingine vilikuwa vifupi, havifiki vinakotakiwa kuchomekwa. Mwaka 2006 Airbus wakatangaza ucheleweshaji mara kwa mara, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007. Ukiwa na viwanda viwili, kuboresha kimoja pekee kunaweza kuwa kubaya kuliko kutoboresha chochote.

## Mtandao na ulinzi

12. Mashine yetu haijaunganishwa na intaneti. Virusi vitaingilia wapi?

Mfukoni mwa fundi. Flashi inayobeba programu ya kuchonga asubuhi ndiyo iliyobeba muziki jana usiku. Kompyuta mpakato ya mtaalamu wa nje anayekuja kurekebisha imetembelea viwanda vingine vitatu wiki hii. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kililenga PLC za Siemens katika kituo cha nyuklia cha Natanz, Iran, ambacho hakikuwa kwenye intaneti, na flashi ilikuwa njia yake mojawapo.

13. Kuna kiwanda cha ndege kilichowahi kuvamiwa?

Machi 2018 kirusi cha WannaCry kiligusa Boeing, na hofu ikaanzia kiwanda cha Charleston, South Carolina, zinakounganishwa ndege za 787. Kampuni ilisema baadaye kuwa ni kompyuta chache tu na uzalishaji haukusimama. Zingatia tarehe: dawa ya kasoro iliyotumiwa na kirusi hicho ilitolewa na Microsoft Machi 2017, mwaka mzima kabla. Kwa mtu wa ofisini huo ni uzembe. Kwa mtu wa kiwandani ni Jumatano ya kawaida, kwa sababu kila sasisho linaweza kuangusha mashine (na tazama tena swali la 9).

Kilichoumia zaidi ni Asco ya Ubelgiji, watengenezaji wa sehemu za mabawa. Juni 2019 programu ya kudai fidia iliwafungia mifumo, wakasimamisha viwanda vyao Ubelgiji, Ujerumani, Kanada na Marekani, na watu karibu 1,000 wakaambiwa wakae nyumbani.

Kinga inayoaminika ni kugawa mtandao kwa kanda, kama kiwango cha IEC 62443 kinavyoelekeza. Mashine za kanda moja zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Kati ya kanda na kanda pana fayawoli (kichujio cha mtandao) inayopitisha kinachohitajika tu. Kompyuta ya XP inaweza kuishi salama kiasi ikiwa jirani yake pekee ni seva moja inayoiletea programu. Na wekeni kompyuta moja mlangoni ya kukagulia flashi, yenye kiti, la sivyo hakuna atakayeitumia.

14. Watu wa TEHAMA wanataka kupitisha kipimo cha usalama (programu inayohoji kila kifaa kutafuta udhaifu) kwenye mtandao mzima, mafundi wanakataa. Nani yuko sahihi?

Mafundi, kwa leo. PLC za zamani ziliundwa kuongea na wachache kwa lugha wanayoijua. Kipimo kikizibishia hodi kwenye kila mlango kwa mfululizo, nyingine husimama papo hapo, na mashine ikisimama kifaa kikiwa ndani ya titani, kipande na kifaa vyote vimekwenda. Sikilizeni mtandao bila kuuliza chochote: chombo cha kunakili mazungumzo yanayopita kitawaonyesha nani anaongea na nani. Kipimo chenyewe kisubiri siku mashine imesimama kwa matengenezo.

## Roboti na watu

15. Roboti zikija, mafundi watafukuzwa?

Boeing walijaribu. Kwa ndege ya 777 walijenga mfumo wa roboti za kuunganisha kiwiliwili, moja ndani na moja nje, zikitoboa na kufunga riveti kwa pamoja, kazi yenye viungio takribani 60,000 iliyokuwa ikifanywa kwa mikono. Kwenda sambamba kukawa mgogoro, kazi zisizokamilika zikarudi kwa watu, na 2019 wakauacha. Badala yake wakatumia reli nyepesi zinazobandikwa kwenye kiwiliwili, mashine ikitoboa matundu na fundi akitia kiungio kwa mkono. Tusiseme roboti imeshindwa, maana kutoboa bado inatoboa. Iliyoshindwa ni ndoto ya kumtoa mtu kabisa.

16. Huku kwetu Afrika Mashariki hili linatuhusu nini?

Kwa ukubwa wa viwanda vya Boeing huko Everett au vya Airbus huko Toulouse, halituhusu bado. Morogoro kuna kiwanda kinachounganisha ndege ndogo za Skyleader, na kazi ya namna hiyo ni ya mikono zaidi kuliko mitambo mikubwa. Walio mbele barani ni Morocco, ambako kiwanda cha MATIS karibu na Casablanca hutengeneza vifurushi vya nyaya za ndege. Ila ujuzi wenyewe hauna mpaka: PLC ya kiwanda cha sukari Kilombero au cha saruji Mombasa inafikiri kama ya kiwanda cha mabawa, na betri yake inakufa vilevile.

## Hali zisizo za kawaida

17. Umeme ukikatika wakati kipande cha kaboni kiko ndani ya tanuri?

Tanuri la shinikizo hupika kwa joto la karibu nyuzi 180 za Selsiasi na shinikizo la takribani bar 6 au 7, kwa saa kadhaa, na kila dakika joto linarekodiwa. Umeme wa akiba wa kompyuta peke yake hautoshi, maana utabaki na rekodi nzuri ya kipande kinachopoa. Kidhibiti kipya lazima kijue cha kufanya umeme ukirudi: kiendelee, kishikilie, au kipoze taratibu. Uamuzi huo ni wa mhandisi wa kaboni, si wa mtu wa programu, na uandikwe kabla. Rekodi ikiwa na pengo, kipande kinawekwa kando hata kama kinang'aa.

18. Programu ya asili ya PLC imepotea, ina nywila, na aliyeiandika hayupo tena.

Msikimbilie kuvunja nywila. Mara nyingi ni salama zaidi kuandika upya kwa kutazama mashine inavyofanya kazi: rekodini sensa na amri zote kwa wiki kadhaa, mkae na waendeshaji wa zamu zote, hasa wa usiku, kisha muijaribu mantiki mpya pembeni kabla ya kuiunganisha. Mkikuta tabia isiyoeleweka, mfano pampu inayosubiri sekunde nne bila sababu, msiifute. Kuna mtu alilipia zile sekunde nne. Mtafuteni kijijini kwake mkamuulize, na nauli mumlipe.

19. Mashine imekarabatiwa, vipande viko sawa na mchoro kuliko zamani, lakini sasa havikai kwenye ndege. Kulikoni?

Mashine ya zamani ilikuwa na kosa, na kiwanda kizima kilikuwa kimejifunza kuishi nalo. Kama ilichonga kila boriti ikiwa imehama kwa theluthi moja ya milimita, basi miaka yote hiyo mafundi wa kuunganisha walikuwa wanaweka vipande vyembamba vya kujazia nafasi, na vishikizo vya upande wa pili vilisogezwa kimyakimya vifuate. Sasa boriti imenyooka na jirani zake wote wamepinda.

Msirudishe kosa kwenye programu ili kazi iendelee, hata bosi akisimama nyuma ya kiti chako. Pimeni vishikizo vya kuunganishia kwa leza, ulizeni mezani kwa mafundi ni vipande vya kujazia vya unene gani walikuwa wakivimaliza haraka stoo, kisha pelekeni namba zote mbili kwa wahandisi wa usanifu. Stoo huwa na jibu kabla ya leza.